Mandhari na Hatia: Kitongoji cha Wakulima wa Java katika Riwaya za Ahmad Tohari

Mandhari ni kipengele ambacho wahakiki wetu hukigusa kwa haraka. Hutajwa mahali, hutajwa wakati, kisha mhakiki akakimbilia wahusika na maudhui kana kwamba mandhari ni pazia tu lililotundikwa nyuma ya jukwaa. Makala haya yananuia kuonyesha hasara ya mazoea hayo kwa kuchunguza riwaya tatu za Ahmad Tohari, mwandishi wa Indonesia aliyezaliwa mwaka 1948 katika eneo la Banyumas, Java ya Kati. Riwaya zenyewe ni Ronggeng Dukuh Paruk (1982), Lintang Kemukus Dini Hari (1985) na Jantera Bianglala (1986). Tunadai kwamba katika riwaya hizi mandhari ndiyo inayobeba hoja kuu ya mwandishi, na kwamba hoja hiyo ina kasoro ambayo mandhari yenyewe inaifichua.

Dukuh ni kitongoji. Dukuh Paruk ni kitongoji cha nyumba ishirini na tatu kilichozungukwa na mashamba mapana ya mpunga, mfano wa kisiwa kilichozungukwa na bahari. Atakaye kwenda Dawuan penye soko hana budi kupita juu ya kingo nyembamba za majaruba. Juu ya kilima pana kaburi la Ki Secamenggala, mhalifu wa zamani ambaye wanakijiji wote hujihesabu kuwa wazawa wake. Watu hawa ni maskini, hawajui kusoma, na fahari yao ni moja tu: ronggeng, yaani mwanamke achezaye na kuimba kwa kufuata marimba ya mianzi. Srintil, yatima aliyelelewa na babu yake Sakarya, huaminiwa kuwa ameingiwa na pepo wa uchezaji akiwa bado mtoto. Mila hiyo hiyo inayomtukuza humfanya bidhaa, kwani kabla hajawa ronggeng kamili hunadiwa ubikira wake. Rasus, kijana ampendaye, hukitoroka kitongoji na hatimaye kuwa mwanajeshi.

Tuangalie namna hadithi inavyoanza. Kabla ya kukutana na binadamu yeyote tunawaona yangeyange wawili wakizunguka angani wakitafuta maji, na chini yao mashamba yamekauka na kupasuka kwa kiangazi. Kisha ndege mdogo anafukuzwa na mwewe. Msimulizi ana jicho la mtu aliyelelewa shambani: anajua mbegu ipi hupeperushwa na upepo, mdudu gani hulia jioni, na jani lipi hunyauka kwanza. Baada ya hayo ndipo wanapoingizwa watoto. Athari ya mpangilio huu ni kubwa, kwani msomaji huongozwa kuwaona wanakijiji kama sehemu ya maumbile, wenye njaa kama yangeyange, wasio na hila kama nyasi.

Mtazamo huo hukomazwa na tukio la mwaka 1946 linalosimuliwa katika riwaya ya kwanza. Santayib, baba yake Srintil, hutengeneza tempe bongkrek, chakula cha maskini kinachoundikwa kwa machicha ya nazi. Siku moja chakula hicho kinageuka sumu na kuua watu wengi. Sayansi inajua sababu: bakteria wanaoota katika machicha hutoa sumu kali isiyoondoka kwa kupikwa. Wanakitongoji hawana elimu hiyo. Wanayaona maafa kuwa mapenzi ya mzimu wa Ki Secamenggala. Rasus naye hajui hata leo kama mamaye alikufa au alichukuliwa na tabibu aliyekuja kuwauguza. Kwa hiyo katika kitongoji hiki hata mauti hufika kama mvua au kiangazi: hayana mwenyewe, na hayadaiwi maelezo.

Umuhimu wa kisiasa wa usawiri huu hudhihirika katika riwaya ya pili. Tunafika kwenye miaka ya 1964 na 1965. Bakar, mwanasiasa wa Dawuan, huwatumia Srintil na wapiga marimba kuvutia watu kwenye mikutano ya chama cha kikomunisti. Wachezaji hawajui itikadi inayohubiriwa. Baada ya matukio ya Septemba 30, 1965, jeshi na washirika wake waliwaua watu wanaokadiriwa kuwa laki tano au zaidi kote Indonesia, na kuwaweka wengine wengi kizuizini bila kesi. Dukuh Paruk kinateketezwa. Srintil anafungwa, na anaporejea ana alama isiyofutika.

Tohari aliyaandika haya wakati utawala wa Suharto ungali na nguvu zote, na haukuanguka hadi Mei 1998. Sehemu za riwaya ya tatu ziliondolewa, zikarudishwa katika toleo la pamoja la mwaka 2003. Katika mazingira hayo ilikuwa hatari hata kusema kwamba waliofungwa walionewa. Mwandishi alipata njia moja ya kulisema: hawa hawakujua. Mtu asiyejua kusoma, anayeabudu kaburi na kuishi kwa kufuata misimu, atawezaje kuwa na hatia ya siasa? Yangeyange, kiangazi na machicha yenye sumu vinakuwa mashahidi wa upande wa utetezi.

Hatuna budi kuustahi ujasiri huo. Hata hivyo, ni lazima tuulize utetezi huu umelipiwa nini. Wanakijiji wameokolewa na hatia kwa kunyang'anywa akili. Ikiwa hawana hatia kwa sababu tu hawakujua, basi mkulima wa kijiji cha jirani aliyejua, aliyejiunga na chama kwa hiari kwa kuwa alitaka ardhi, tutamtetea kwa hoja gani? Yeye pia alifungwa bila kesi. Utetezi unaotegemea ujinga wa mnyonge humwacha nje mnyonge mwerevu, na huwapa watesi haki wasiyostahili, yaani haki ya kumwadhibu kila aliyefahamu alichokitenda.

Lakini riwaya ni pana kuliko hoja ya msimulizi wake. Tukitoka kwenye anga na majaruba tukaangalia mandhari ndogo, ile ya mikono na udongo, tunakuta ushahidi mwingine. Rasus na wenzake wawili wanataka kung'oa mhogo katika ardhi ngumu kama jiwe. Wanashindwa. Basi wanaukojolea udongo chini ya shina, unalainika, mhogo unatoka. Msomaji hucheka, na ni haki yake, lakini watoto hao wamefikiri. Santayib anaposhutumiwa hakimbilii kaburini. Anakula tempe yake mwenyewe mbele ya watu ili kuthibitisha kauli yake, na anakufa. Hilo ni jaribio na ni hoja, ingawa limemgharimu uhai. Sakum, mpiga marimba kipofu, huitambua kwa masikio hali ya mchezaji ambayo wenye macho hawaioni. Srintil mwenyewe, katika riwaya ya pili, huanza kuwakataa wanaume wenye fedha. Hawa si nyasi. Ni watu wenye maarifa, hiari na mipaka ya maarifa yao, kama sisi sote.

Riwaya ya tatu huitilia nguvu tafsiri hii pasipo kukusudia. Bajus anakuja katika mradi wa umwagiliaji maji, na ardhi iliyosomwa kwa ndege na wadudu sasa inasomwa kwa vipimo. Mtu huyu wa maendeleo anamwahidi Srintil heshima ya ndoa, kisha anataka kumkabidhi kwa mkubwa wake, na anapokataliwa anamtisha kwa historia yake ya kizuizini. Akili ya Srintil inavunjika. Kilichomvunja si ujinga wa mila. Ni tishio la mtu msomi, mwenye kujua vizuri sana nguvu ya faili la serikali. Hata hivyo mwandishi anahitimisha kwa Rasus, mwanajeshi, kuazimia kukiongoza kitongoji kitoke gizani, kana kwamba giza lilikuwa kitongojini peke yake.

Hapa ndipo uhakiki wa mandhari unapotufaa. Anayesoma maudhui tu atapokea hukumu ya msimulizi kwamba Dukuh Paruk kiliangamia kwa kutojua. Anayesoma mandhari hatua kwa hatua, kutoka angani hadi kwenye shina la mhogo, atagundua kwamba mwandishi aliyewaona watu hawa kwa jicho la karibu mno hakuweza kuwaficha akili zao, hata pale usalama wa kitabu chake ulipodai hivyo. Kwa sababu hiyo riwaya hizi zinastahili kusomwa katika vyuo vyetu, pamoja na kasoro yake. Haki ya wakulima wa Dukuh Paruk haikupaswa kungoja ithibitishwe kwamba walikuwa wajinga. Ilitosha kwamba nyumba zao zilichomwa, na kwamba hakuna aliyewafikisha mbele ya hakimu.