Neno "Hatari" Katika Istilahi za Usalama wa Kompyuta

Imezuka katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo usalama wa kompyuta desturi ya kulitumia neno "hatari" kwa kila jambo. Kasoro iliyomo ndani ya programu huitwa hatari. Mtu anayeitumia kasoro hiyo kujipenyeza huitwa hatari. Hasara iwezayo kutokea nayo pia ni hatari. Mfasiri anayekijua Kiingereza hulijaza pengo kwa ujuzi wake. Karani wa Unguja aliyepewa kazi ya kuzitia viraka kompyuta za ofisi yake hana pa kujazia.

Mwaka 2024 pekee, kasoro zaidi ya 40,000 ziliingizwa katika orodha ya kimataifa iitwayo CVE. Zinazoihusu ofisi moja ni chache kuliko hizo, lakini bado huzidi mikono iliyopo, na kila kiraka huenda kikahitaji mashine isimamishwe kwanza. Basi ni lazima kuchagua. Kwa miaka mingi uchaguzi ulifuata CVSS, kipimo cha 0 hadi 10 kielezacho ukali wa kasoro, yaani madhara yatakayopatikana ikitumiwa. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kipimo chengine, EPSS, ambacho sasa husimamiwa na jumuiya ya FIRST. Hapa mashine hufunzwa kwa kumbukumbu za mashambulio yaliyokwisha tokea, kisha hukadiria, baina ya 0 na 1, uwezekano wa kasoro kutumiwa na wavamizi katika siku 30 zijazo. Hesabu hiyo hufanywa upya kila siku.

Vipimo hivi havisemi jambo moja. Kasoro yaweza kuwa na ukali wa 9 isiguswe na mtu, na ya 6 ikawa ndiyo mlango wa wezi. Waraka unaoviita vyote viwili "kiwango cha hatari" humpeleka karani kuziba asipopitwa. Fundi mwashi wa Ng'ambo hafanyi kosa hilo: akionyeshwa nyufa za ukuta, hutazama upana wa ufa, tena hutazama kama upande ule unapigwa na mvua.

Kwa sababu hiyo twapendekeza "ufa" liwe jina la kasoro ya usalama. "Udhaifu", lililozoeleka, ni neno la sifa. Halihesabiki vizuri, na "madhaifu" ni umbo la kulazimisha. "Ufa" lina wingi wake, na kitenzi chake, kuziba, kinajulikana na kila mtu. Itasemwa kwamba ufa huletwa na uchakavu, ilhali kasoro ya programu hutoka mkononi mwa mjenzi. Ni kweli, lakini nyumba mpya pia hupata nyufa, na mjenzi ndiye hulaumiwa. Kisha pawe na "ukali wa ufa" kwa kipimo cha kwanza, na "uwezekano wa kupenywa" kwa cha pili. "Kiraka" kisiguswe, maana hakuna lililopatikana vizuri kuliko hilo.

"Kutabiri", linalopendwa sana na wafasiri wa mambo ya akili bandia, halifai hapa. Lina harufu ya ramli, na msomaji huliamini au hulikataa lote pamoja. Mashine hukadiria, na makadirio hukosolewa.

Limebaki "kipaumbele", na hapa ndipo uzembe wa lugha unapogharimu zaidi. Imeanza kuandikwa kwamba mashine "hutoa kipaumbele". Haitoi. EPSS haijui ni kompyuta ipi ya ofisi yenye daftari la mishahara na ipi inayotumiwa kuchapia barua. Hilo hulijua mwenye ofisi. Neno hilo liachiwe uamuzi wa mtu. Fomu za kazi hiyo zikitafsiriwa, ziwe na safu ya ukali, safu ya uwezekano, na safu ya kipaumbele ambayo haijazwi na mashine, bali na afisa atakayeitia saini yake.