Mtu, Ua na Karatasi Nyeupe: Rangi za Maji kutoka Picha za Joy Adamson hadi Obunga

Kitenzi kuchora kimebebeshwa kazi nyingi katika Kiswahili. Fundi huchora nakshi mlangoni kwa patasi, mwanafunzi huchora ramani kwa penseli, na yule ambaye hati yake haisomeki huambiwa kwamba hakuandika bali amechorachora tu. Katika kazi zote hizo mna ncha ngumu inayokwaruza uso wa kitu na kuacha alama. Rangi za maji hazikubali maelezo hayo. Hapo pana unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi ya mgunga. Brashi huuyeyusha, maji huuchukua juu ya karatasi, nao hutua pale maji yanapokauka. Mchoraji huongoza mwendo huo, wala hautawali wote. Kama lugha ingepewa nafasi ya kuchagua upya, yumkini ingeihusisha kazi hii na kitenzi kuelea. Hilo lisingekuwa geni, kwani kutokana na kuelea tumekwisha kupata kueleza, na kutokana na kueleza kukazaliwa kielelezo. Kitu huelea juu ya maji. Jambo humwelea mtu. Picha inayolifanya jambo limwelee mtu ndiyo kielelezo.

Makala hii inahusu tofauti iliyopo baina ya kielelezo na picha ya maisha, hasa mtu anapochorwa kwa rangi za maji papo hapo, mbele ya macho ya mchoraji. Tofauti hiyo huweza kuonekana ndogo kwa asiyeshika brashi. Kwa watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria, ambao wamechorwa na wageni kabla hawajachorwa sana na wenyewe, si ndogo hata kidogo.

Hapana budi kuanza na Joy Adamson, kwa kuwa picha zake za rangi za maji ndizo zilizoenea zaidi na ndizo zilizowafundisha Wakenya wengi kwamba mtu wa kwao anaweza kuwekwa katika fremu. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Dunia inamkumbuka kwa simba Elsa na kitabu cha mwaka 1960, lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji wa mimea. Mumewe wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na katika safari zao yeye Joy alichora maua waliyoyakusanya. Kazi hiyo ilimpatia mwaka 1947 medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ya Kenya ikamwagiza achore watu wa makabila ya nchi katika mavazi na mapambo yao ya jadi, mavazi ambayo tayari yalikuwa yakiachwa. Aliizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akapata mamia ya picha, Waluo wakiwa miongoni mwa waliochorwa. Sehemu kubwa ya picha hizo ilibaki mikononi mwa makumbusho ya taifa huko Nairobi, na nyingine zilichapwa katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu watu wa Kenya.

Mfuatano huu wa ua kwanza, mtu baadaye, ndio unaostahili kuchunguzwa. Mchoraji wa mimea ana sheria zake, na ni sheria njema kwa kazi yake. Hulichuma ua, hulitenga na majani jirani, huliweka mbele ya karatasi nyeupe isiyo na kitu kingine, kisha huhesabu petali na kufuata mshipa wa jani mpaka mwisho. Udongo hauchorwi. Kivuli cha mti wa jirani hakichorwi. Nyuki hafukuzwi, ila hana nafasi. Kusudi lake ni kwamba mtaalamu aliyeko mbali, ambaye hataliona ua lile kamwe, aweze kulitambua aina yake. Ua moja husimama kwa niaba ya maua yote ya namna yake, na kadiri linavyopoteza habari zake lenyewe (lilikatwa wapi, asubuhi au jioni) ndivyo linavyofaa zaidi.

Sasa atazamwe mtu katika picha za Adamson. Naye ametengwa. Nyuma yake ni karatasi tupu; hakuna boma, hakuna ng'ombe, hakuna ziwa, na mara nyingi hata kipande cha ardhi cha kukanyagia hakuna. Shanga zimehesabiwa kama petali. Manyoya, ngozi, pembe na chuma vimefuatwa kwa uaminifu usio na mfano. Naye hutambulishwa zaidi kwa kabila lake, rika lake au cheo chake, yaani kwa aina yake, kama ua linavyotambulishwa. Itakuwa kosa kudai kwamba mchoraji hakuwaona watu hawa. Macho mengi katika picha hizo yana uchovu au kiburi au mashaka ambayo hakuna aliyeagiza yachorwe. Lakini macho hayo yanatazama kutoka mahali ambapo hapapo. Mtu amechumwa.

Wapo watakaojibu kwamba hiyo ndiyo kazi aliyopewa: ahifadhi mavazi, si maisha. Jibu hilo lina haki yake. Anayetaka leo kujua pambo la kichwa lilifungwaje, au kibwebwe cha shanga kilipangwa kwa rangi zipi, atazishukuru picha hizi, maana kamera nyingi za miaka ile hazikuwa na rangi. Hata hivyo agizo haliwezi kubeba lawama yote. Agizo lilitoka kwa serikali iliyohitaji orodha ya makabila, na mkono uliolitekeleza ulikuwa umekwisha kuzoea orodha ya mimea. Mkono na agizo vilikutana vizuri mno. Hapo ndipo fani ilipoyameza maudhui, na mtazamaji hadi leo hupita mbele ya picha moja hadi nyingine akisoma majina ya makabila kama asomaye vibao katika bustani.

Zipo njia nyingine zilizokwisha kujaribiwa Afrika Mashariki. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, alikwepa mfano uliowekwa mezani. Aliwasimulia wanafunzi wake tukio kwa maneno, wao wakalichora kama lilivyowajia akilini; kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa London mwaka 1939. Elimo Njau, aliyepita Makerere na kuanzisha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, aliupiga vita uigaji kwa jina la imani na ubunifu. Joel Oswaggo, kwa penseli na rangi juu ya karatasi, amezijaza kurasa zake desturi za Waluo, watu wakiwa wengi, wakiwa kazini au msibani, kila mmoja akimgusa mwenzake. Njia hizi tatu zimerudisha kile ambacho karatasi nyeupe ilikiondoa: mtu yuko pamoja na watu. Lakini zote huegemea zaidi kumbukumbu na mawazo kuliko jicho lililo mbele ya kitu. Yasemwe bila kuogopa kwamba kumbukumbu nayo ina uchoyo wake. Huchagua sherehe, huacha Jumanne. Hukumbuka mazishi ya mzee, husahau mama aliyekuwa anaosha sufuria nyuma ya nyumba siku ile ile.

Kwa hiyo linabaki pengo: picha ya rangi za maji iliyochorwa papo hapo, katika kazi ya kila siku, bila kumtenga mtu na mahali pake. Pengo hilo lafaa kupimwa katika mtaa kama Obunga, mjini Kisumu, ambako hakuna pambo la jadi la kumsaidia mchoraji wala mandhari ya kadi ya posta.

Obunga hujulikana kwa mgongo wazi. Mbuta, samaki aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, hukatwa minofu viwandani ili isafirishwe ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo iliyong'ang'ania. Wanawake huvinunua, huvianika, huvikaanga katika makarai makubwa juu ya moto wa kuni, na kuviuza kwa wale ambao mnofu wenyewe umewapita bei. Ajabu mojawapo ni jina. Katika mtaa ambao Kijaluo ndicho kinachosikika kila kona, biashara hii imepata jina la Kiswahili, jina la kejeli kidogo, linalotaja uchi wa samaki kama mtu angetaja vazi lisilofunika mgongo. Aliyelibuni alitazama vizuri kuliko wachoraji wengi.

Mchoraji wa vielelezo akiletewa mgongo wazi ataufanyia haki yake: uti mmoja, karatasi nyeupe, kila mwiba mahali pake. Picha hiyo itafaa katika kitabu cha sayansi. Haitasema kwamba mnofu umekwenda wapi, wala ni nani anayekula kilichobaki, kwa kuwa habari hizo hazimo katika mfupa. Zimo katika umbali baina ya mfupa na karai, baina ya karai na mkono, baina ya mkono na sarafu. Vitu hivyo ndivyo karatasi tupu inavyovifuta.

Tena rangi za maji zina tabia inayolifanya jambo hili kuwa la ufundi, si la maadili peke yake. Rangi nyeupe haipakwi. Weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Katika kielelezo weupe wote ulioachwa ni utupu. Katika picha ya Obunga weupe ule ule ungelazimika kufanya kazi: hapa ni mfupa uliokauka, pale ni mng'aro wa bati, kule ni moshi uliopatikana kwa kulowesha karatasi na kuiacha rangi ya kijivu ijitafutie njia. Mchoraji hawezi kuacha weupe mpaka aamue ni weupe wa nini. Kisumu i karibu sana na Ikweta, na saa sita mchana jua husimama juu ya vichwa. Vivuli virefu vinavyosifiwa katika vitabu vya mafunzo vya Ulaya havipo. Nuru hugonga ardhi na mabati, kisha hudunda na kupanda, ikauangaza uso kwa chini, kidevuni na chini ya nyusi. Maana yake ni kwamba rangi ya uso wa mwanamke yule inatoka kwa kiasi fulani katika ardhi aliyoisimamia. Ukiifuta ardhi, hata uso umeukosea. Huu ndio udhaifu wa kifundi wa picha za Adamson ambao sifa za shanga zimeuficha: nyuso nyingi zina nuru isiyo ya mahali popote.

Lipo pia suala la nani anamkalia nani. Ua halina haraka, na mzee aliyeombwa avae mapambo yake alimkalia mchoraji kwa saa nzima au zaidi. Mkaangaji wa Obunga hatakaa. Mafuta yakichemka hayamngoji mtu, na mteja akija hageuzi uso ili pua yake ichorwe. Mchoraji atalazimika kuketi yeye, ashike mstari wa mgongo ulioinama kabla haujanyooka, aache, angoje uiname tena mara ya kumi. Mchoro wa haraka wa namna hiyo, wenye mikono mitatu kwa sababu mkono mmoja ulichorwa mara mbili, una ukweli ambao picha iliyokamilika imeupoteza. Naye anayechorwa ataona. Ataulizia, atacheka, pengine atakataa. Naye ana haki ya kukataa, kwani kuchorwa akiwa na masizi usoni si sawa na kuchorwa akiwa na manyoya kichwani, na mtaani humo huenda ameshachoka na wenye kamera.

Hoja kwamba rangi za maji ni chombo cha wageni haina nguvu kubwa katika pwani hii ya ziwa. Wanawake wa Kiluo wamezikandika nyumba zao kwa udongo wa rangi mbalimbali uliochanganywa na maji, wakapamba kuta kwa mikono yao, na mvua ilipozifuta wakarudia. Mafundi wa mashua huzipaka ubao rangi kali, pamoja na jina, kabla hazijashushwa majini. Kilicho kigeni ni karatasi, na mazoea ya kuiacha nyeupe kumzunguka mtu.

Linabaki neno la chini ya picha. Mchoraji atakayemaliza karatasi yake Obunga, yenye matone ya mafuta na chembe za masizi zilizotua kabla rangi haijakauka, ataandika nini hapo? Akiandika “Mwanamke wa Kiluo” amerudi bustanini. Akiandika jina la mama yule, itambidi kwanza amwulize, na kwa kumwuliza atasikia anavyopenda kuitwa: kwa jina lake, kwa jina la mwanawe wa kwanza, au kwa jina la mahali alikotoka kabla ya kuolewa, kama ilivyo desturi ya huko. Majibu hayo matatu yangetoa picha tatu tofauti.