Fundi Anayejua Kukataa

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ila ufundi wake wa metali ulikuwepo kabla ya ramani yoyote ya mikoa. Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha chuma, na majirani zao Wafipa walijenga malungu, matanuri marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Majembe yaliyofuliwa huku yalilima na kulipa mahari. Hata mbingu zimetuletea chuma: Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi ni bonge la chuma lenye nikeli kidogo.

Fedha ilikuwa ya pwani. Mfua fedha wa Lamu au Unguja hakuwa na mgodi, aliyeyusha sarafu. Aliyoipenda ni riale ya Maria Theresa, inayosomeka 1780 hata kama imepigwa miaka mia baadaye: gramu 28, fedha kiasi cha asilimia 83, iliyobaki karibu yote shaba. Baadaye rupia nazo ziliingia kwenye kalibu. Humo vilitoka vikuku, mirashi ya maji ya waridi, vyetezo vya udi na vijaluba vya tambuu. Mwanamke aliyevaa kikuku alitembea na akiba yake mguuni. Siku ya shida kilipimwa kwenye mizani.

Vyombo hivyo hufika huku Songwe, mjini Tunduma, kama watu wafikavyo, kwa ndoa, kwa uhamisho wa kazi, kwa biashara ya mpakani. Na vinavunjika. Mrashi huchomoka shingo, chetezo hupoteza mguu, na mwenye mali hukipeleka kwa fundi yeyote mwenye moto.

Wengi husifu anayefua chombo kipya. Mimi sifa zangu nampa anayekarabati, kwani huyo hutii mkono wa mtu mwingine, pengine marehemu. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 961, na lehemu, ambayo ni fedha iliyochanganywa na shaba na zinki, lazima itangulie kuyeyuka. Nafasi iliyopo kati ya hizo mbili ndiyo uwanja wote wa fundi. Tena chombo cha zamani kina viungo vingine vilivyolehemiwa, na moto unaoshika mguu mpya waweza kuudondosha wa zamani. Kwa hiyo viungo vya jirani hupakwa udongo mbichi, vibaki na ubaridi wakati kinachotengenezwa kinawaka wekundu. Joto hilo fundi hana cha kulipimia ila macho, ndiyo sababu hupenda kivuli. Juani wekundu hauonekani na chombo huyeyuka akikitazama.

Adui mkubwa ni risasi. Mwenye haraka huziba ufa wa fedha kwa lehemu ya risasi, ile ya redio, na kazi yapendeza kwa mwezi mmoja au miwili. Chombo kikirudi motoni, risasi huila fedha na kuacha vishimo visivyozibika. Fundi mwenye adabu huikwangua yote kwanza, chembe kwa chembe, kazi ya mchana mzima ambayo mteja hataiona wala hapendi kuilipia.

Kisha kuna masinia na vijiko vinavyong'aa kama fedha na si fedha. Vingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha nyembamba juu. (Nikeli ileile ya kimondo chetu, ingawa mwenye sinia hafurahi kuambiwa hivyo.) Ukivichoma, ngozi hiyo hubabuka; ukivisugua kwa mchanga kila Ijumaa, umanjano hafifu wa chini hujitokeza. Fundi hugeuza sinia, hukwaruza kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana, hutazama rangi.

Hapo ndipo ninapompima. Kupokea kazi ni rahisi, hasa mjini palipojaa wapita njia wasiorudi kulalamika. Anayestahili jina la fundi ni yule anayekirudisha chombo mikononi mwa mwenyewe na kusema, "Mama, hiki nikikitia moto nitakuharibia. Kioshe kwa maji ya ukwaju, ukifute kwa kitambaa laini, ufa huu uuache." Halafu haombi hata shilingi ya kukitazama, jambo ambalo naona si haki, maana ule ukaguzi ndio uliomchukua miaka mingi kujifunza.