Kusoma Nasaba ya Waridi Katika Hataza

Mche wa waridi ukishafika kwa muuza miche Mishomoroni, Mombasa, aghalabu umebaki na rangi tu: mwekundu, wa manjano, wa kutambaa ukutani. Jina limepotea njiani. Lakini penye jina, wazazi wake huweza kutafutwa, na pa kuanzia ni hataza za mimea za Marekani, ambazo yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma.

Sheria ya hataza hizo ilipitishwa mwaka 1930. Hataza ya kwanza ilitolewa tarehe 18 Agosti 1931 kwa Henry Bosenberg wa New Jersey, kwa waridi 'New Dawn'. Mwaridi huu una mzazi mmoja tu. Haukutokana na kuvusha chavua bali na tawi lililogeuka tabia kwenye mwaridi 'Dr. W. Van Fleet': mzazi huchanua mara moja kwa mwaka, mwana huchanua tena na tena. Hataza inakomea hapo. Anayetaka mababu lazima arudi kwenye kazi ya Walter Van Fleet, tabibu aliyegeukia mimea. Alivusha waridi-mwitu Rosa wichurana na 'Safrano', kisha mche uliopatikana akauvusha na 'Souvenir du Président Carnot'. Waridi lake likaingia sokoni mwaka 1910. Sasa 'Safrano' ni waridi la chai, jamii inayochanua mfululizo. Tabia iliyompa Bosenberg hataza ilikuwa tayari imo ukooni.

Unapotafuta hataza, usitumie jina la dukani, kwa kuwa hilo hubadilika kila soko. Tafuta kwa jina la msimbo, ambalo herufi zake tatu za mwanzo humtaja mzalishaji: 'Ausmas' ni 'Graham Thomas' wa David Austin, 'Meidomonac' ni 'Bonica' wa Meilland, 'Radrazz' ni 'Knock Out' wa William Radler. Mwaridi huu wa mwisho unastahili tahadhari. Wazazi wake ni miche isiyo na majina, mmoja wa uzao wa 'Carefree Beauty', mwingine wa 'Razzle Dazzle'. Orodha zikifupisha maneno, babu anageuzwa baba. Isitoshe, nasaba iliyomo kwenye hataza ni kauli ya mwombaji mwenyewe; ofisi haipimi vinasaba kuithibitisha. Mimi huipokea kama ushahidi wa shahidi mwenye maslahi.

Kenya haitoi hataza kwa aina za mimea. Haki ya mzalishaji hupatikana KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, na nchi ni mwanachama wa UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 13 Mei 1999. Kinachopimwa ni upya, utofauti, ulinganifu na uthabiti. Kwa hiyo sajili hiyo hukupa jina la uhakika kuliko ukoo.

Ama waridi la kienyeji linalotiwa kikubani pamoja na asumini, hilo halina msimbo wala hataza. Kwake hubaki kupima vinasaba, kama walivyofanya watafiti wa Japani mwaka 2000 kwa waridi la Dameski, jamii ya yale yanayotoa marashi Jabal Akhdar, Oman: wakakuta wazee watatu, Rosa gallica, Rosa moschata na Rosa fedtschenkoana.

Basi ukinunua mche wenye kibandiko, nakili msimbo wake kabla mvua haijaufuta.