Saa Laini, Mstari Mgumu

Mchoro wa Salvador Dalí uitwao Kudumu kwa Kumbukumbu ni mdogo kuliko sifa zake. Aliuchora kwa rangi za mafuta mwaka 1931, na kipimo chake chapata sentimita 24 kwa 33, kiasi cha kurasa mbili za kitabu kilichofunuliwa. Hata hivyo, tangu uingie katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1934, saa zake zilizolegea zimetembea ulimwengu mzima, juu ya kadi, vikombe na fulana, hadi zikafika mikononi mwa watoto wa skuli zikiwa mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe, zikingoja kutiwa rangi.

Wapo wanaoliona zoezi hilo kuwa ni kuidunisha kazi kubwa, na wapo wanaoliona kuwa ni mlango wa kuingilia humo. Kila upande una hoja, lakini hukumu haiwezi kutolewa kabla ya kutazamwa kile ambacho mstari hukibakiza na kile ambacho hukiacha.

Kinachobaki ni orodha ya vitu. Kuna ufuo mtupu na majabali kwa mbali. Kuna tawi kavu la mzeituni lililotundikwa saa. Kuna saa ya pili inayomwagika kwenye ukingo wa meza, nzi ametua juu yake. Ya tatu imelalia kiumbe kisicho na umbo kamili, chenye jicho lililofumbwa na kope ndefu. Ya nne imefunikwa kifudifudi, imejaa sisimizi. Yote haya yaweza kusimuliwa kwa mdomo, na mtu asiyewahi kuuona mchoro akayaelewa.

Kinachopotea ni ulaini. Mstari haujui kitu laini. Wino ule ule, kwa unene ule ule, huizunguka saa inayoyeyuka kama unavyolizunguka jabali. Katika mchoro wenyewe, saa hulegea kwa sababu rangi yake husogea polepole kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye kiza, bila ya mpaka. Aidha, hupotea kivuli. Sehemu kubwa ya mbele ya mchoro imezama katika hudhurungi nzito, ilhali majabali ya nyuma yanawaka kwa manjano ya dhahabu. Kivuli hicho hakina ukingo wa kuchorewa mstari, basi karatasi hukiacha cheupe, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Wapenzi wa ushairi hawatashangazwa na hili. Shairi likiondolewa maneno yake yakabakizwa vina na mizani, umbo litasimama, na yeyote aweza kulijaza. Lakini huzuni iliyokuwemo haitarudi kwa kuhesabu silabi.

Je, basi karatasi hizo zitupwe? La. Faida yake inaanzia pale pale zinaposhindwa. Mtoto anayeitazama picha iliyokamilika huona saa zilizoyeyuka, akacheka, akapita. Mtoto mwenye kalamu ya rangi hawezi kupita, analazimika kuamua. Saa hizi ni za rangi gani? Akizipaka zote rangi moja, kisha akawekewa mchoro wa Dalí ubavuni, atagundua jambo ambalo watazamaji wengi wa miaka mingi hawakuligundua: tatu zilizolegea zina nyuso za samawati hafifu, na ile iliyofungwa ni ya rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo saa pekee iliyobaki ngumu, na hiyo ndiyo waliyoivamia sisimizi, kama kwamba chuma ni nyama iliyooza. Ugomvi wa kilichokufa na kilicho hai umo ndani ya rangi, wala haumo ndani ya mstari.

Atauliza pia juu ya ile nafasi nyeupe ya mbele. Hapo mwalimu mwema hatamwambia jibu; atamwonesha mchoro, amwache aone jinsi giza lilivyoifika meza na bado halijayafika majabali. Majabali hayo si ya ndotoni. Ni ya pwani ya Catalonia, karibu na Port Lligat, alikoishi msanii. Dalí mwenyewe alisimulia kwamba mandhari ya pwani ile ilikuwa imekwisha kuchorwa, ikikosa wazo, pale alipokaa baada ya chakula cha usiku akiwazia jibini laini, saa zikamjia. Kwanza palikuwa na mahali na mwanga wake, ndoto ilifuata. Karatasi ya mistari huipindua tartibu hiyo: hutoa ndoto bila ya mahali.

Katika ilani ya mwaka 1924, André Breton aliutaka usurealisti uiachie fikra ijiendee bila ya hatamu za akili. Dalí alikuja na ndoto, lakini akaichora kwa mkono ulioshika hatamu barabara, kwa usahihi wa kamera. Kwa hiyo anayepaka rangi ovyo kwa jina la uhuru hajamkaribia Dalí. Na anayenakili kila rangi kwa woga hajaikaribia ndoto. Aliyewakaribia wote wawili ni yule aliyechagua, akalinganisha, kisha akajua kwa nini chaguo la msanii lina uzito kuliko lake.

Dalí naye hakuuona mchoro wake kuwa umefungwa. Kati ya 1952 na 1954 aliurudia: ufuo ule ule, saa zile zile, lakini safari hii maji yamefunika nchi na ardhi imekatikakatika vipande kama matofali. Alilichukua umbo ambalo dunia ilikwisha kulikariri, akalitia rangi upya.