Vita vya Nani? Jina la Vita vya 1898 na Vitenzi vya Mkataba wa Paris

Utangulizi

Vita vilivyozuka Aprili 1898 baina ya Marekani na Hispania vimejadiliwa zaidi na wanahistoria. Makala haya yanavitazama kwa jicho la mhakiki wa lugha. Hoja yake ni kwamba jina la vita hivyo, pamoja na vitenzi vya mkataba uliovihitimisha, huamua chanzo kipi kionekane na madhara ya nani yahesabiwe. Suala hili linatuhusu, kwa kuwa tunapoandika "Vita vya Hispania na Marekani" tunatafsiri jina pamoja na ufinyu wake.

Jina na chanzo

Kiunganishi "na" katika jina hilo huwakutanisha wapiganaji wawili tu. Wenyeji wa visiwa vilivyopiganiwa hawamo. Ilhali Wakuba walianza vita vyao vya uhuru tarehe 24 Februari 1895, na mshairi wao José Martí aliuawa vitani Dos Ríos mwezi Mei mwaka huohuo. Mapinduzi ya Ufilipino yalianza Agosti 1896. José Rizal, ambaye riwaya yake Noli Me Tangere (1887) ilianika dhuluma za watawala na mapadri wa Kihispania, alipigwa risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896.

Masimulizi mengi, hata hivyo, huanza na mlipuko wa meli ya kivita Maine katika bandari ya Havana tarehe 15 Februari 1898, ulioua zaidi ya watu 260. Magazeti ya Hearst na Pulitzer yaliushadidia mlipuko huo kuwa hujuma ya Hispania. Uchunguzi ulioongozwa na Admeri Rickover, uliochapishwa 1976, ulionyesha kwamba yaelekea ulianzia ndani ya meli yenyewe. Mlipuko huo ulikuwa cheche. Kuni zilikwisha kuwaka miaka mitatu kabla.

Yawezekana kupinga kwamba jina ni kifupisho tu, na kwamba manowari za Marekani ndizo zilizoamua ushindi. Ni kweli zilizamisha meli za Hispania Manila na Santiago de Cuba katika muda mfupi. Lakini zilipambana na dola ambayo majeshi yake yalikwisha kuchoshwa na wapiganaji wa visiwani. Jina linalowaacha wapiganaji hao huufanya ushindi uonekane hisani.

Vitenzi vya mkataba

Mkataba wa Paris ulitiwa saini tarehe 10 Desemba 1898. Felipe Agoncillo, mjumbe wa serikali ya Emilio Aguinaldo, hakuruhusiwa kushiriki mazungumzo, ingawa Aguinaldo alikuwa ametangaza uhuru wa Ufilipino tangu tarehe 12 Juni. Wakuba nao hawakuwa na kiti.

Matini ya mkataba huo inatumia vitenzi viwili tofauti, na tofauti hiyo Kiswahili huibainisha vyema kwa mnyambuliko. Katika ibara ya kwanza, Hispania inaacha madai yake juu ya Kuba. Katika ibara ya pili na ya tatu, inaiachia Marekani Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Kauli ya kutendea katika "inaiachia" inadai yambwa tendewa, yaani mpokeaji, naye anatajwa. "Inaacha" haina mpokeaji. Sababu ni kwamba Bunge la Marekani, kwa azimio la Teller, lilikuwa limejifunga kutoitwaa Kuba. Hata hivyo, ibara hiyohiyo inaeleza kuwa kisiwa kitakaliwa na Marekani baada ya Hispania kuondoka. Mpokeaji aliyefichwa na kitenzi anaingia kwa mlango wa kauli ya kutendwa. Kwa Ufilipino, Marekani ililipa dola milioni 20. Ibara ya tisa ikaliachia Bunge la Marekani kuamua haki za kiraia na hadhi ya kisiasa ya wenyeji.

Kutoka kitenzi hadi nomino

Matokeo yalifuata sarufi hiyo. Vita baina ya Wafilipino na Wamarekani vilipozuka tarehe 4 Februari 1899, Marekani iliviita "uasi". Kama nchi imekwisha kuachiwa mtu, anayeitetea huwa mwasi kwa mujibu wa maana ya neno lenyewe. Mwezi huohuo Kipling alichapisha shairi lake "The White Man's Burden", lenye kichwa kidogo kinachotaja Marekani na Visiwa vya Ufilipino; humo mzigo ni wa mtawala, si wa anayetawaliwa. Raia wa Ufilipino waliokufa kwa vita, njaa na maradhi hukadiriwa kufikia 200,000. Kuba ilipata jamhuri mwaka 1902, lakini sheria ya Platt ya 1901 iliiruhusu Marekani kuingilia mambo yake.

Fasihi ya Kiswahili inao mfano wa kutoa jina kutoka upande wa pili. Vita vya pwani vya 1888 hadi 1890 Wajerumani waliviita uasi wa Waarabu. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy unajulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Hapa tukio ni vita, mtenda ni Mdachi, na kitenzi ni kutamalaki. Jina lenyewe limekwisha kutaja chanzo.

Hitimisho

Mwaka 1962 Rais Macapagal aliihamisha sikukuu ya uhuru wa Ufilipino kutoka tarehe 4 Julai, siku Marekani ilipokabidhi madaraka mwaka 1946, hadi tarehe 12 Juni. Alirejesha kwa Wafilipino nafasi ya mtenda katika sentensi yao. Puerto Rico na Guam zingali chini ya Marekani, na wakazi wake hawapigi kura ya kumchagua rais. Waandishi wa vitabu vya Kiswahili hawana budi kuwataja Wakuba na Wafilipino katika jina la vita vya 1898, na kuziita vita zile za 1899 vita, si uasi. Mwanafunzi asiyewaona katika kichwa cha sura hatawatafuta katika sura yenyewe.