Blossfeldia liliputana na Makosa ya Uainishaji Wake

Mswahili asikiapo neno dungusi hufikiri miiba kwanza, kwa kuwa dungusi aizoeayo ni ile yenye asili ya Amerika iliyopandwa kuwa ua wa shamba. Blossfeldia liliputana nayo ni ya familia hiyo hiyo ya Cactaceae, wala haina mwiba hata mmoja. Ni kidonge cha kijani kilichofifia, ambacho upana wake kwa kawaida hauzidi sentimeta moja na nusu. Hakina matuta wala mbavu, ila vishungi vidogo vya manyoya meupe vilivyopangika kwa mzunguko. Humea katika nyufa za majabali ya milima ya Andes, upande wa mashariki, kusini mwa Bolivia na kaskazini mwa Argentina, na mara nyingi huwa jirani na maporomoko ya maji. Yahesabiwa kuwa ndogo kuliko dungusi zote, na udogo huo umewapoteza wengi walioiandikia.

Harry Blossfeld na Oreste Marsoner waliipata kaskazini mwa Argentina mwaka 1936, na mwaka uliofuata Erich Werdermann wa Berlin akaitangaza kuwa jenasi mpya. Jina la spishi lilitokana na Lilliput, nchi ya watu wadogo katika kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1726, ambacho wasomaji wa Kiswahili wakijua kwa jina la Safari za Gulliver. Swift aliandika Lilliput kwa l mbili katikati, Werdermann akaandika moja, na tahajia ya Werdermann ndiyo iliyobaki. Kosa hilo, kama ni kosa, halimdhuru mtu.

Yaliyofuata yalidhuru. Curt Backeberg aliongeza B. campaniflora na B. fechseri, Friedrich Ritter naye akaleta B. atroviridis, B. pedicellata na B. minima. Fechseri ni jina la kumheshimu mtu, lakini manne yaliyosalia yakifasiriwa kutoka Kilatini hujitolea ushahidi yenyewe: yenye ua la kengele, ya kijani kilichokolea, yenye kikonyo, ndogo kabisa. Yaani kila jina limebeba hoja yake, na hoja yenyewe ni nyembamba kama jina. Yapasa kuuliza, ni udogo gani uwezao kuibainisha minima katika jenasi ambayo spishi yake ya kwanza ilikwisha kufananishwa na watu wa Lilliput?

Tena mmea huu si kitu cha kupimwa mara moja ukaaminiwa. Wakati wa kiangazi hupoteza sehemu kubwa ya maji yake, ukanywea na kusinyaa hata ukadhaniwa kuwa umekufa; mvua inyeshapo hufura tena. Ukipandikizwa juu ya shina la dungusi nyingine, kama wafanyavyo wafugaji wa mimea huko Ulaya, hunenepa kupita desturi yake ya mwambani na kuzaa vichipukizi vingi. Kwa hiyo kipimo kisichoeleza mmea ulikuwa katika hali gani hakina thamani kubwa. Haki na itendeke kwa Ritter: hakuwa mtu wa kukaa chumbani, bali alizunguka Andes miaka mingi akaiona mimea palepale ilipoota. Walakini kuona tofauti ni jambo moja, na kuona mpaka ni jambo jingine. Edward Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliitambua spishi moja tu, na ndivyo wataalamu kwa kawaida wafanyavyo hata leo.

Katika ngazi ya juu kosa liligeuka. Waliokuwa wepesi kutenga spishi kwa urefu wa kikonyo hawakuona taabu kuiweka jenasi nzima karibu na Parodia, katika kundi la Notocacteae, hasa kwa sababu ya mbegu ndogo yenye kinofu. Mwaka 2002 Reto Nyffeler alichunguza vinasaba vya kloroplasti, akaikuta Blossfeldia imesimama peke yake upande mmoja, na dungusi nyingine zote za Cactoideae upande wa pili. Matokeo hayo yalitiliwa shaka, lakini uchunguzi wa baadaye umeyaunga mkono.

Hapo ndipo lilipozuka kosa la tatu, nalo bado lasikika: kwamba mmea huu ni wa kale, mfano wa dungusi ya kwanza. Ndugu aliyehama mapema hawi babu wa waliobaki nyumbani. Naye ameishi miaka ile ile waliyoishi wao, akabadilika kwa njia yake. Wilhelm Barthlott na Stefan Porembski walionyesha mwaka 1996 kwamba Blossfeldia karibu haina stomata, yaani vile vitundu ambavyo mimea huvutia hewa. Anayeitaka iwe ya kale hana budi kueleza kwa nini Pereskia, ambazo ni dungusi zenye majani halisi na zilizo nje kabisa ya Cactoideae, zinazo stomata. Maana zikiwa nazo hizo, na zikiwa nazo zile nyingine zote, upungufu huu umetokea katika tawi la Blossfeldia lenyewe, baada ya kuachana na wenziwe.